Bayomaka za mkojo kwa sindromu ya metaboliki: nirekebishe nini kabla sijaanza?

Mrija_Tanga
Wakuu, habari za kazi. Naandaa utafiti wa kutafuta bayomaka (kemikali zinazoashiria ugonjwa) kwenye mkojo wa watu 240 wa hapa Tanga, miaka 30–60, nusu wana sindromu ya metaboliki (mkusanyiko wa hatari za kisukari na moyo), nusu hawana. Vigezo ni vya 2009, vitatu kati ya vitano: kiuno (nimechukua sm 94 wanaume, 80 wanawake), trigliseridi (mafuta ya damu) kuanzia 1.7 mmol/L, HDL (kolesteroli nzuri) chini ya 1.0 wanaume na 1.3 wanawake, presha kuanzia 130/85, sukari ya kufunga kuanzia 5.6. Nachukua mkojo wa saa yoyote, kasha la barafu, friza ya −20, kisha NMR ya 600 MHz (mashine inayoonyesha kemikali za mkojo kama vilele kwenye grafu) pamoja na albumini (protini). Kila kitu nagawa kwa kriatinini, ili kufuta tofauti ya wingi wa maji kwenye mkojo. Nitakwama wapi?

Pipeti
Kwenye "saa yoyote", mkuu. Mtu aliyeshapiga chai na chapati ana mkojo mwingine kabisa. Waje hawajala kwa saa 10 hadi 12, damu na mkojo asubuhi hiyohiyo. Kwa NMR ule wa alfajiri uache, mpe glasi ya maji, chukua unaofuata, wa katikati, ml 30 zatosha. Zungusha kwenye sentrifyuji kwa 4°C dakika 10, vuta wa juu bila kugusa mashapo, gawa mirija minne ya ml 1. Mrija ukishayeyushwa haurudi kwenye friza.

Siku mbili kabla, wasile samaki wa bahari. Kwa Tanga najua ni adhabu, lakini TMAO, kemikali ya samaki, itasimama pale 3.26 ppm (nafasi kwenye grafu ya NMR) kama mnara na utaiita bayomaka. Hipureti, kemikali nyingine ya mkojo, nayo hupanda kwa chai, kahawa, matunda, hata benzoeti ya kwenye soda. Andika nani amemeza panadol: mabaki yake hujaa eneo la 2.1–2.2. Na wanawe mikono kwa maji, si sanitaiza, maana spiriti hukaa karibu na 1.2.

FigoMbili
Nampinga Pipeti jambo moja: ule wa alfajiri usimwagwe. Kwa albumini ndio bora, kwa sababu kusimama na kutembea mchana huipandisha. Mpe kikopo aende nacho nyumbani.

Ila kabla ya albumini, ondoa kichocho. Ukanda huo kipo, na kibofu kinachovuja damu humwaga albumini isiyotoka kwenye figo. Stripi kwanza: damu, leukositi (seli nyeupe), nitriti (dalili ya bakteria). Ukiona damu, chuja ml 10 utafute mayai, na mkojo huo uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi. Mwenye UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), homa, hedhi, au aliyetoka mazoezi mazito, mpangie siku nyingine.

Albumini usiigandishe −20. Hujikusanya ikawa mashapo na kipimo kinasoma chini. Weka 2–8°C, pima ndani ya siku 7. Eneo unalotafuta ni 3–30 mg kwa mmol ya kriatinini. Wanaotumia enalapril au losartan (za presha) watasoma chini kwa sababu ya dawa, na wa dapagliflozin (ya kisukari) watakojoa sukari hata kama ya damu imetulia.

Kriatinini hutoka kwenye misuli. Mwenye mwili mkubwa mara nyingi ana misuli mingi pia, hivyo kigawanyo kinakuwa kikubwa na uwiano wake unashuka, kinyume kabisa na unachokitafuta. Ripoti namba mbichi pia, pima osmolaliti (ukolezi wa mkojo), na kriatinini yenyewe ipimwe kwa njia ya kimeng'enya.

Mrija_Tanga
Asanteni. Friza ya −80 iko mjini tu, vituo viko mbali. Naweza kutia asidi ya boriki?

Spektra
Kwa C-peptidi (kiashiria cha insulini), ukiipima, ndiyo, inakaa siku 3 bila jokofu. Kwa NMR hapana: boriki hushikana na sukari na kuharibu vilele. Mirija miwili tofauti. Wa NMR ubaki kwenye barafu, ufike −80 siku hiyohiyo.

Siku ya kupima: µl 540 za mkojo, µl 60 za bafa (kidhibiti pH) ya fosfeti pH 7.4 yenye TSP (kemikali ya kuweka sifuri ya grafu), kwenye D2O (maji mazito). Usiibanie bafa. Watu wenye sindromu huwa na mkojo wenye asidi zaidi, na vilele vya sitreti na histidini huhama kwa pH. Bafa ikiwa hafifu, makundi yako yatatengana vizuri sana kwenye grafu, kumbe umepima pH. Changanya wagonjwa na wazima kwenye foleni ya mashine, na kila sampuli ya 10 iwe mchanganyiko wa wote wa kukagua kama mashine imehama.

Takwimu_Kavu
Vitatu kati ya vitano vinapatikana kwa njia 16. Mwenye kiuno, presha na HDL, na mwenye sukari, presha na trigliseridi, umewatia kapu moja. Pambanisha kila kilele na kila kigezo kama namba, si ndiyo/hapana tu.

Ukiwa na vilele 900 na kikomo cha 0.05, kwa bahati tu utapata kama 45. Sahihisha kwa FDR (njia ya kudhibiti matokeo ya uongo). PLS-DA, njia ya takwimu ya kutenganisha makundi, hutenganisha hata takataka, basi changanya lebo mara 1,000 uone. Halafu linganisha modeli ya mkojo na modeli ya umri, jinsia na futi ya fundi cherehani kiunoni. Isipoishinda futi, ripoti hivyo hivyo.