Farasi dume wa kupandisha katika New South Wales ya kikoloni, Australia: malipo yalikuwaje?

Swali: Wanajukwaa, nasoma habari za wakulima wa bonde la Mto Hunter katika karne ya 19, na magazeti yao yamejaa matangazo ya farasi dume. Kwa nini yalitolewa kuelekea Septemba, na mwenye farasi jike alilipaje?

Mchangiaji wa kwanza: Farasi jike hubeba mimba kwa takriban miezi 11. Kwa kuwa majira ya kuchipua huko huanza Septemba, aliyepandishwa wakati huo alizaa mwaka uliofuata malisho yakiwa mengi. Asiyeshika mimba hurudi kwenye joto, yaani huwa tayari tena kupandwa, baada ya wiki 3 hivi. Ndiyo maana mtunzaji alimtembeza dume shamba kwa shamba kwa njia iliyotangazwa, akapita tena palepale.

Mchangiaji wa pili: Bei ilitajwa kwa gini, yaani shilingi 21, na mtunzaji alikuwa na ada yake ndogo. Majike walioletwa shambani kwa mwenye dume walipewa malisho na uangalizi, ila tangazo lilisema wazi kwamba mwenye dume hawajibiki kwa ajali wala kutoroka kwao. Nadhani sharti hilo lilizaa ugomvi mwingi kuliko bei yenyewe.

Mchangiaji wa tatu: Msisahau soko. Jeshi la Uingereza nchini India lilinunua farasi wa kupanda kutoka koloni hilo, walioitwa Waler, hivyo dume wa mbio mwenye nasaba alitafutwa sana, ilhali mwenye plau na mikokoteni alimtaka Clydesdale, farasi mzito wa kukokota.