Treni za DMU na tatizo la kuchemsha: tupeane uzoefu, mafundi na madereva

#1, mwanzisha mada

Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa wanaozijua DMU kwa undani, yaani treni za abiria zisizovutwa na kichwa: kila behewa, au karibu kila behewa, lina injini yake ya dizeli chini ya sakafu. Shirika la reli likishakuwa na treni hizi nyingi, swali la kila asubuhi ni ngapi zitatoka karakanani. Zinazobaki, mara nyingi chanzo ni joto. Tupeane uzoefu wa kiufundi: dalili, kipimo, dawa.

Naanza na rejeta, yaani kipoza maji ya injini. Kwenye DMU iko chini, karibu na kokoto, kwa hiyo feni inavuta vumbi la breki, mbegu za nyasi na kila kinachopeperuka njiani. Lakini adui mkubwa ni oili. Gasketi ya kava ya valvu ikivuja kidogo tu, ukungu wa oili unapulizwa kwenye mapezi ya rejeta, vumbi linanata na kuganda. Ukiosha rejeta bila kuziba uvujaji huo, umefanya kazi bure.

Namna ya kuosha: pulizia dawa ya kuyeyusha grisi, iache dakika 10 hadi 15, kisha maji ya presha ndogo kutoka upande ambao hewa inatokea, ili uchafu urudi ulikoingilia. Elekeza maji moja kwa moja, usiyapige kwa pembe, maana mapezi yanalala na hewa haipiti tena. Ukimaliza, weka tochi upande mmoja na utazame upande wa pili. Mwanga uonekane sawasawa kote.

Na hapa ndipo wengi wanakosea. Kama kipoza hewa ya tabo (pampu inayosukumia injini hewa) kimepangwa mbele ya rejeta, uchafu hukaa katikati ya hivyo viwili. Ukitazama mbele ni safi, ukitazama nyuma ni safi, na treni bado inachemsha. Lazima uvitenganishe.

#2

Asante mkuu. Niongezee upande wa maji.

Usijaze maji ya bomba peke yake, hata mahali ambapo hakuna baridi. Injini nyingi za treni hizi zina silinda laina, yaani mikono ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazogusana na maji moja kwa moja. Laina inatetemeka injini inapofanya kazi, viputo vidogo vinatokea na kupasuka ukutani mwake, na kila kimoja kinachimba kidogo. Mwishowe ni matundu, maji yanaingia kwenye oili. Dawa ya kupozea ina kinga inayofunika chuma, na kinga hiyo inaisha hata kama rangi ya maji haijabadilika. Pima kwa vijiti vya kupimia, usipime kwa macho.

Mchanganyiko wa nusu kwa nusu unafaa kwa walio wengi. Kuzidisha dawa si usalama zaidi, kwa sababu glaikoli inabeba joto kidogo kuliko maji.

Mfuniko wa tangi nao usidharauliwe. Presha ya bar 1 inapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Springi ikichoka, maji yanachemka mapema, yanamwagika, sensa ya kina inazima injini, na fundi anahangaika kutafuta uvujaji usiokuwepo.

Thamostati, yaani valvu inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto: iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Namba iliyogongwa juu yake ni joto la kuanza kufunguka. Ikipita hapo bila kufunguka, tupa.

#3

Kuhusu feni. Treni nyingi feni yake haizungushwi na mkanda, inazungushwa na mota ya haidroliki, yaani inayosukumwa na oili ya presha. Oili ya mfumo huo ikipungua, feni inazunguka bado, ila polepole. Ukichungulia utaridhika kwamba inafanya kazi. Usiridhike. Pima mizunguko yake injini ikiwa moto, linganisha na kitabu.

Mipira ya mfumo huo ikaguliwe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Pitisha kidole kwenye kila kiungo na kila inapopita kwenye kibanio. Oili ya presha ikirushwa kwenye ekzosi ni moto, na juu yake wamekaa watu. Mpira uliochubuka ubadilishwe siku hiyo hiyo.

#4

Naomba ufafanuzi kwa #2: maji yanapungua, hakuna tone chini, mfuniko ni mzima. Nianzie wapi?

#2

Ndugu, anza na gasketi ya silinda hedi. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko, washa, tazama ndani ya tangi. Viputo visivyokoma vyenye harufu ya moshi ni gesi ya silinda inapita kwenye maji. Dalili nyingine: mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu mara tu baada ya kuwasha, kabla joto halijapanda. Hiyo presha haitokani na joto. Gasketi ikiwa salama, angalia kipoza oili ya giaboksi.

#5, upande wa udereva

Madereva nao wana sehemu yao. Giaboksi za haidroliki zinaondoka kwa kigeuza nguvu cha mafuta (oili ya giaboksi), na hapo ndipo mafuta yanapata joto jingi zaidi. Kupanda mlima mrefu kwa mwendo mdogo huku lesi (mkono wa kuongeza mwendo) imejaa ni kuyapika. Ritada nayo, yaani breki ya mafuta iliyomo ndani ya giaboksi, inapeleka joto lake kwenye maji yale yale ya injini. Kwa hiyo rejeta inaweza kuelemewa hata kwenye mteremko, injini ikiwa haivuti chochote.

Fanya hesabu. Treni za 22000 za Ireland, zilizoundwa na Hyundai Rotem na kuanza kazi mwaka 2007, zina injini ya MTU ya kilowati 360 kwa kila behewa. Seti ya mabehewa 3 ina kilowati 1,080. Injini 1 ikikatwa, yaani ikizimwa kwa hitilafu, zinabaki 720, na uzito ni ule ule. Ukidai ratiba ile ile, unazichosha mbili zilizobaki. Afadhali kuchelewa ukaripoti.

Ukifika mwisho wa safari usizime papo hapo. Iache izunguke polepole bila mzigo dakika 3 hadi 5, tabo ipoe ikiwa bado inapata oili.

#6

Nitoke kidogo kwenye joto, maana behewa lenye injini iliyokatwa huharibika kwingine. Hakikisha gia ya mwisho kwenye ekseli imewekwa huru na kufungwa kwa utaratibu wa kitabu chake. Ikiburutwa ikiwa imeshika, meno yanaungua.

Shafti ya kadani, yaani ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli: piga grisi hadi ya zamani itoke kwenye vikombe vyote 4 vya kiungo. Kikombe kimoja kikikataa, tikisa shafti, jaribu tena. Kikiendelea kukataa, kiungo hicho hakifai. Bolti zikazwe kwa spana ya kipimo na zichorwe mstari wa rangi, ili mkaguzi aone kwa tochi kama imesogea.

Kama ekseli 2 za bogi (fremu ya magurudumu chini ya behewa) moja zimeunganishwa kwa shafti, magurudumu yake yachongwe pamoja. Tofauti ya kipenyo inaruhusiwa milimita chache tu, la sivyo ekseli zinapigana na gia inalipa.

#7, ishara na mawasiliano

DMU ni nyepesi, na wepesi huo una tatizo lake. Mfumo wa ishara unaotumia umeme wa relini unahitaji magurudumu yaunganishe reli mbili vizuri. Uingereza walilipata hili kwenye DMU zao za Class 158 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zina breki za diski tu, hakuna pedi inayosugua uso wa gurudumu, kwa hiyo majani yaliyopondwa yalijenga utando na treni ikaweza kutoonekana kwa mwongoza ishara. Wakafunga kifaa kinachopeleka umeme wa masafa ya juu kuvunja utando huo. Njia isiyopitwa mara kwa mara ikapata kutu, hatari ni ile ile. Magurudumu yakaguliwe utando kila treni inapoingia kwenye shimo la ukaguzi karakanani.

#1

Nimeokota mengi hapa. La kuongeza ni vipuri: kifaa kikinyofolewa seti moja kwenda nyingine, namba yake na kilomita zake ziandikwe pande zote mbili. Rejeta iliyohamishwa bila rekodi huhama na uchafu wake wa katikati, na seti iliyokuwa nzima inaanza kuchemsha.

Mwenye uzoefu wa kompresa na milango ya upepo, karibu.