Mtu anavaa MIWANI YA JUA saa tatu usiku kuangalia taa za gari langu???

JichoMoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi.

Mnamjua. Simtaji jina, na msinishawishi. Yule yule wa "chomeka, washa, tembea". Yule ambaye mtu akiuliza chochote kuhusu taa humu ndani, kabla hajamaliza swali yeye keshajibu: funga zenoni, zile taa za gesi zenye mwanga mweupe mkali. Taa hafifu? Zenoni. Fyuzi inaungua? Zenoni. Ndoa inayumba? Zenoni.

Sasa huyo huyo aliyeniuzia seti ya zenoni kwa mkono wake, akaniapia kwamba ni dakika ishirini na kwamba hata mtoto wa darasa la tatu anafunga nyumbani, jana kavaa miwani ya jua mbele ya gari langu. Saa tatu usiku. Miwani ya jua.

Nianze mwanzo. Jumamosi mchana nimefungua boneti. Upande wa kulia, balbu iko nyuma ya betri, kwa hiyo betri itoke. Dakika ishirini zimeisha bado napambana na boliti ya betri. Kile kiwaya kinachobana balbu nimekigusa tu, kikaruka kama panzi kikazama kwenye injini, nimekitafuta mpaka alasiri kwa tochi ya simu na sumaku niliyoifunga kwenye fimbo. Raba ya nyuma ya taa haipitishi waya mpya, ikabidi niitoboe kwa kisu. Halafu kuna yale mabalasti ya kuziwashia taa, maboksi mawili ya chuma saizi ya kipande cha sabuni, hakuna mahali yamepangiwa kukaa. Nikayakaza kwa vikamba vya plastiki karibu na bumpa nikajiambia potelea mbali.

Usiku nikawasha. Tak! Rangi ya zambarau, ikatetemeka, sekunde kadhaa, halafu ikafunguka. Aisee. Ukuta ukawa mweupe kama shuka. Jogoo wa jirani akawika. Nikajiona mfalme.

Nikatoka barabarani na familia, mama mkwe kakaa nyuma. Mita mia tano za kwanza, kila gari linanipigia ful. Kila gari! Nikadhani wananisalimia. Dereva wa lori akaniwashia kila kitu alichonacho mpaka nikaona mifupa ya mkono wangu kwenye usukani. Mwendesha baiskeli mmoja alishuka, akaingia mtaroni na baiskeli yake, akasimama mkono usoni kama aliyetokewa na malaika. Na mimi mwenyewe barabara siioni! Naona majani ya juu ya miti. Naona viota vya ndege. Shimo lililo mbele ya tairi silioni.

Nikasema twende kwake. Katoka. Nikamwashia. Akainua kidole kimoja, "subiri", akarudi ndani. Tunasubiri. Katoka kavaa miwani ya jua. Anatembea taratibu, mikono nyuma. Akachuchumaa mbele ya taa ya kushoto, akatazama. Akahamia ya kulia, akatazama. Akasimama, akakung'uta magoti, akaniuliza:

"Mkuu, ulitaka taa au ulitaka jua?"

Mama mkwe akacheka. Miaka kumi na moja sijawahi kumchekesha yule mama. Kacheka mpaka akashika kiti cha mbele.

Seti ni YAKE. Kaniuzia YEYE. Halafu miwani!

Mzee wa Dim

Nimesoma mpaka mwisho natafuta kosa lake, sijaliona. Mimi ningevaa na kofia.

SpanaKumi

Tuache utani kidogo. Gari lako lina taa za projekta, zile zenye kijicho cha mviringo kama cha samaki, au ni bakuli tu linalong'aa na balbu katikati?

JichoMoja

Bakuli. Lakini mkuu, mimi nakuambia mtu kavaa miwani wewe unaniuliza bakuli?

SpanaKumi

Bakuli ndiyo kesi yenyewe. Gari lako bila shaka linatumia balbu aina ya H4. Balbu ya H4 ya halojeni ina nyuzi mbili ndani, mmoja wa dim na mmoja wa ful. Ule wa dim umewekewa kikombe kidogo cha chuma chini yake ili mwanga usigonge nusu ya chini ya bakuli, maana ukigonga hapo unapanda juu, kwenye macho ya watu na kwenye viota vyako vya ndege. Bakuli lote limekatwa kwa kufuata mahali uzi ule ulipo, milimita moja tu ikihama hesabu imeharibika. Zenoni haina uzi kabisa. Ni umeme unaoruka kati ya ncha mbili ndani ya gesi, umbo lake na mahali pake ni tofauti. Umeingiza mwanga mara mbili tatu ya ule wa zamani kwenye bakuli lisiloujua, unategemea nini?

Bi Nukta

Zenoni haina uzi ndani, ndiyo maana kaja kuufungua huku 😂😂😂

JichoMoja

Cheka tu dada. Siku yako ya miwani inakuja.

ChumaChakavu

Mimi nimefunga zenoni kwenye bakuli mwaka wa tatu sasa, hakuna aliyewahi kulalamika. Mnakuza mambo.

Mzee wa Dim

Watalalamikaje na hawajawahi kukuona? Wameona mwanga tu.

FyuziTano

Kelvini ngapi hizo?

JichoMoja

8000. Alizonazo ni 4300, 6000 na 8000. Akaniambia kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyozidi. Nikachukua ya juu, mimi si mjinga.

FyuziTano

🤣🤣🤣 Ndugu yangu. Kelvini ni rangi, siyo nguvu. Magari yanayotoka kiwandani na zenoni huwa kwenye 4300 hivi, nyeupe yenye unjano kwa mbali. Ukipanda, rangi inakwenda buluu na mwanga wenyewe unapungua. Hiyo 8000 usiku wa mvua lami itaumeza wote, utaendesha kwa kumbukumbu.

JichoMoja

Kwa hiyo kanipa hafifu kuliko zote NA AKAVAA MIWANI?

Kamusi ya Magari

Kuweka rekodi sawa: BMW ndio waliotangulia kuweka taa hizi za mbele kwenye gari la kuuza, 1991, kwenye 7 Series. Balasti hurusha volti 20,000 na zaidi wakati wa kuwasha, kisha taa ikishatulia hutumia wati 35 tu, wakati H4 ya kawaida inakula 55 kwenye dim. Na Ulaya, taa ya dim yenye chanzo kinachopita lumeni 2,000 hairuhusiwi bila kifaa cha kuosha vioo vya taa na mtambo wa kujirekebisha kimo wenyewe gari likibeba mzigo nyuma.

JichoMoja

1991 kuna mtu alivaa miwani? Hakuna. Basi.

Mzee wa Dim

Mzigo nyuma alikuwa mama mkwe. Ndiyo maana taa zilitazama juu.

JichoMoja

Mzee, mama mkwe muache. Yule amenitosha kwa mwezi huu.

Dada Rilei

Hapo kwenye volti 20,000 msipite haraka. Wewe JichoMoja ulitoa betri kwa sababu imekuzuia njia tu, ungekuta balbu iko wazi ungeingiza mkono taa zikiwaka. Kile kishindo cha kuwasha hakina utani. Na ile raba uliyoitoboa kwa kisu, kama hukuziba vizuri, mvua ya kwanza tu taa yako inafuga samaki. Hivi kioo cha balbu ulikishika kwa vidole?

JichoMoja

Nilikipulizia pumzi nikakifuta na fulana. Kilikuwa na alama za grisi.

Dada Rilei

Mungu wangu.

FyuziTano

Grisi kwenye kioo, pale inaposhika joto lazidi. Hiyo balbu haitakuaga.

Pancha la Tatu

Jamani na mimi nina langu. Huyu mnayemsema (na mimi simtaji) mimi aliniuzia king'ora. Paka akipita kinalia. Jani likidondoka kinalia. Mimi mwenyewe nikija na ufunguo mkononi, kinalia. Juzi mwizi kaja kweli kabeba spea tairi, kimya.

Bi Nukta

Afadhali king'ora. Mimi kamera ya nyuma. Nikiingiza gia ya kurudi inanionyesha picha kushoto ni kulia, kulia ni kushoto. Nimegonga geti mara mbili nikijitahidi kuliepuka. Nilipompigia akasema nizoee.

JichoMoja

Alivaa miwani wakati anakwambia?

Bi Nukta

Ilikuwa simu, kaka.

SpanaKumi

Mkuu, ushauri wangu na sitarudia. Rudisha halojeni zako. Halafu angalia plastiki ya mbele ya taa, bila shaka imefifia ikawa ya njano. Isugue kwa msasa laini wa maji, ule mkali kidogo kwanza kisha laini zaidi, malizia na polishi. Simamisha gari mita kumi kutoka ukutani, sehemu tambarare, na upige vipimo: ukingo wa juu wa mwanga wa dim uwe chini ya kimo cha balbu kwa sentimita kumi hivi. Ile skrubu ya kushusha na kupandisha iko nyuma ya taa. Utashangaa, wala hukuwa na haja ya zenoni.

JichoMoja

Nimekuelewa mkuu, na plastiki kweli ni ya njano kama yai. Lakini sijaja kwa ajili ya taa. Nimekuja kwa ajili ya ile miwani. Alikuwa nayo tayari ndani! Mtu anaweka miwani karibu na mlango usiku, maana yake siyo mimi wa kwanza. Anajua! Anauza, halafu anaisubiri siku yako.

ChumaChakavu

Mimi kwangu hakuvaa.

Mzee wa Dim

Kwako alifumba macho.

Pancha la Tatu

Turudi kwenye king'ora basi, nani anajua waya wa kukata?

Dada Rilei

Ngojeni, king'ora kitangoja. Mnalia taa na ving'ora, mimi nina shemeji. Anaazima gari Ijumaa analirudisha Jumatatu. Mafuta hakuna, hilo nimeshasamehe. Lakini KITI. Anakilaza mpaka nikikaa naangalia paa. Vioo vya pembeni kimoja kinatazama mbingu kingine kinatazama tairi. Mimi mfupi, kila Jumatatu nachelewa kazini robo saa nasogeza kiti.

FyuziTano

Kiti ni heshima bado. Wa kwangu anaacha maganda ya miwa kwenye mfuko wa mlango.

Bi Nukta

Wa kwangu alirudisha gari likiwa na kiti cha mtoto nyuma. Hana mtoto. Sisi hatuna mtoto.

Mzee wa Dim

Huo ufungulie uzi wake, Bi Nukta. Tena leo hii.

JichoMoja

Wakuu, nakumbusha tu kwamba uzi huu ni wa miwani. Saa tatu usiku. Alichuchumaa.

Pancha la Tatu

Waya mwekundu au wa njano?

Dada Rilei

Juzi nimeamua kupaka rangi ya kucha kwenye reli ya kiti, alama ya pale ninapokaa mimi. Amerudisha gari, kiti kiko sawasawa kwenye alama. Nikafurahi. Nimegeuza ufunguo, redio ikanilipukia kwa sauti ya mwisho, nusura nitokee dirishani.

JichoMoja

Subiri kwanza dada. Na stesheni zote kakufutia?

Dada Rilei

Zote!

JichoMoja

Basi tuna shemeji mmoja mimi na wewe. Wangu alinifutia sita, akaniachia moja tu, nayo inakoroma.