Matilda ana rafiki wa rika lake kweli?

mama_wa_wawili
Habari za jioni, wapendwa. Binti yangu ana miaka 9, tunasoma naye Matilda ya Roald Dahl, hadithi ya msichana mdogo apendaye vitabu, kila usiku, palipo pagumu namfasiria. Jana tumefika nyumbani kwa Miss Honey, mwalimu wa Matilda. Maji ya kisimani, jiko la mafuta ya taa, mkate wa kupakwa majarini. Binti akacheka: "Kama kwa bibi!" Kisha akanyamaza, akauliza: "Mama, mbona marafiki wa Matilda ni watu wazima tu? Watoto hawampendi?" Naye mwenyewe wakati wa mapumziko hubaki darasani na kitabu, ndiyo maana swali limenikaa rohoni. Nimjibuje?

ticha_darasa_la_nne
Dada, mrudishe kwa Lavender. Huyo ni mwenzake hasa, wako pamoja uwanjani siku Hortensia, mwanafunzi mkubwa kwao, anapowasimulia ukatili wa mwalimu mkuu, Trunchbull. Na ndiye anayetia kile kimjusi cha majini kwenye jagi la maji la Trunchbull, ingawa lawama inamwangukia Matilda. Ila siri ya kuangusha glasi kwa kuikazia macho tu, bila kuigusa, Matilda anampelekea Miss Honey. Watoto wako hivyo: wa kucheza naye na wa kumwambia siri si lazima awe mmoja.

msomaji_tanga
Mimi namtaja Mrs Phelps wa maktaba. Mtoto wa miaka minne anakuja peke yake, mama yake yuko kwenye mchezo wa bingo, na Mrs Phelps hamhoji habari za kwao. Anampa kitabu cha Dickens, anamwacha asome. Halafu anamwambia vitabu vinaazimwa hadi nyumbani, jambo ambalo mtoto hakulijua! Nami nilikuwa na mama kama huyo, maktaba ya mkoa. Kitabu nilichoachia njiani alikificha chini ya meza yake, kipande cha gazeti kwenye ukurasa wangu, mpaka Jumamosi nirudi. Sikuwahi kujiona mpweke mle ndani. Usimharakishe binti.

mama_wa_wawili
Asanteni sana, hasa hicho kipande cha gazeti. Tumemaliza jana. Wazazi wa Matilda wanakimbilia Hispania, yeye anabaki na Miss Honey; kaka mtu anapunga mkono kwenye kioo cha nyuma, baba na mama hata hawageuki. Nilijua binti atalia. Akauliza tu Matilda atalala chumba gani kwa Miss Honey. Leo kaondoka na kitabu begini, jirani yake wa dawati anataka kuona picha ya yule mvulana na keki.