Ubuntu iingie yenyewe bila paswedi, inawezekana?

Wadau habarini, kompyuta ya steshenari inatumia Ubuntu (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows), nataka ikiwaka iingie yenyewe na Firefox ifunguke hapohapo, maana vijana wa zamu wanasahau paswedi na wateja wamejaa mlangoni, naanzia wapi?

Jibu: Mkuu nenda Settings, Users (kwenye Ubuntu mpya iko ndani ya System), bonyeza Unlock weka paswedi yako halafu washa Automatic Login. Ikigoma fungua faili la /etc/gdm3/custom.conf kwa sudo (amri ya kupata ruhusa ya admin), toa # kwenye AutomaticLoginEnable na AutomaticLogin, ya kwanza weka true ya pili jina la yuza, save, zima uwashe. Firefox iongeze kwenye Startup Applications.

Jibu: Naongezea, Chrome inaweza kukudai paswedi ya keyring (kabati la paswedi zilizohifadhiwa) baada ya hapo, usishtuke, keyring ilikuwa inafunguliwa na ile paswedi ya kuingilia ambayo sasa haiandikwi. Ila kwa kompyuta ya duka tafadhali sana tengeneza yuza mwingine asiye admin, huyo ndo aingie mwenyewe, ya kwako ibaki na paswedi, kuna vyeti na vitambulisho vya watu humo.

Muuliza: Imekubali wakuu, nimeweka yuza wa zamu, Firefox inafunguka fresh. Asanteni sana.