Kebo ya pawa saplai iliyotoka kwenye mashine nyingine: je, naweza kuiunganisha na kadi yangu ya michoro?

Mhariri_Busia:
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mhariri wa video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) hapa Busia, na naomba ushauri kabla sijawasha kompyuta yangu. Wiki iliyopita nilinunua Kampala kadi ya michoro ya mtumba, RTX 3070 yenye soketi mbili za pini nane, pamoja na pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 650 ambayo kebo zake zote huchomolewa. Sandukuni mlikuwa na kebo moja tu ya kadi, kwa hiyo muuzaji alitafuta ya pili katika rundo lililokuwa chini ya meza yake, akaichomeka mbele yangu ili nione kwamba inaingia, kisha akanifungia. Kuingia inaingia kweli. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba maandishi ya kichwani mwake hayafanani na ya ile ya kwanza, nami sina fedha ya kununua kadi nyingine hii ikiungua.

Fundi_Mbale:
Kaka, usiiwashe. Upande wa kadi, mpangilio wa pini ni mmoja kwa watengenezaji wote, lakini upande wa pawa saplai hakuna kanuni inayowafunga, na hata kampuni moja huweza kubadilisha mpangilio kati ya toleo moja na jingine. Ndiyo maana kebo ngeni inaweza kuingia bila kulazimishwa, klipu ikabana vizuri, na bado ikapeleka volti 12 mahali palipotakiwa kuwa na waya hasi. Niliwahi kuletewa kompyuta yenye diski mbili zilizokufa kwa mpigo mmoja, na kosa lote lilikuwa kebo ya diski iliyoazimwa kutoka pawa saplai nyingine.

Bahati yako ni kwamba kebo moja ya asili unayo. Zitoe zote mbili kabisa, uweke multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye kipimo cha mlio, kinacholia ncha mbili zikiwa zimeunganika, kisha gusa tundu moja la upande wa pawa saplai na utafute ni tundu lipi la upande wa kadi linalolia. Chora mchoro wa kebo ya asili kwanza, tundu kwa tundu, halafu ufanye vivyo hivyo kwa ile ngeni. Kazi hii haihitaji umeme hata kidogo, kwa hiyo huwezi kuharibu kitu.

Dada_wa_Jinja:
Naunga mkono, na naongeza jambo ambalo limewaponza wengi. Kebo ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) nayo ina pini nane, lakini chanya na hasi zake zimepangwa kinyume na za kadi. Ya prosesa hugawanyika nne kwa nne. Ya kadi hugawanyika sita na mbili. Ikiwa waya zina rangi, tazama kichwa cha kadi: waya za njano ziko upande usio na klipu. Tafadhali pia usikubali adapta inayotoa umeme kwenye plagi ya SATA (ile ya diski), kwa sababu plagi hiyo hubeba takriban wati 54 tu, ilhali soketi moja ya pini nane ya kadi inaruhusiwa kuvuta hadi wati 150.

Mhariri_Busia:
Nimepima jana usiku, na mikono ilinitetemeka nilipoona matokeo. Katika kebo ya asili, tundu la kwanza upande wa klipu linaenda kwenye waya hasi. Katika ile ngeni, tundu hilohilo linaenda kwenye pini ya volti 12. Nimeiweka kando na kuifunga utepe mwekundu. Sasa naona kwamba kebo ya asili ina vichwa viwili vya pini nane kwenye mkia mmoja. Je, naweza kuvitumia vyote viwili?

Fundi_Mbale:
Kadi hiyo imekadiriwa wati 220, na sehemu ya umeme huo, isiyozidi wati 75, hutoka kwenye madabodi (ubao mkuu ambao kadi huchomekwa). Mtengenezaji aliyeweka vichwa viwili amekusudia vitumike, kwa hiyo itafanya kazi, ingawa mimi hupendelea kebo mbili tofauti ili joto ligawanyike. Agiza ya pili kwa jina kamili la toleo la pawa saplai yako, si kwa umbo la plagi. Kabla ya kuchomeka, zima swichi ya nyuma, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, na ushike chuma cha kesi. Sukuma kila kichwa mpaka usikie klipu ikibana, kisha kivute kidogo kuhakikisha.

Mhariri_Busia:
Nimewasha leo asubuhi kwa kebo ya asili peke yake. Baada ya saa moja ya kuhariri niligusa vichwa vyote viwili kwa kidole, navyo vilikuwa na uvuguvugu tu. Kebo ya pili nimeiagiza kwa jina la toleo. Ile ngeni nitamrudishia muuzaji pamoja na mchoro wangu, ili asimpe mtu mwingine mwenye pawa saplai kama hii.