Mjadala: Mgeni analala nyumba kongwe "inayosaidia wasanii". Msanii mwenyewe anapata nini?

Assalaam alaykum nyote.

Naleta hoja hii kwa sababu ya rafiki yangu niliyesoma naye, sasa anaishi Muscat. Anakuja Unguja na familia yake na anataka walale ndani ya Mji Mkongwe, kwenye moja ya zile nyumba za zamani zilizokarabatiwa ambazo hutangaza kwamba ukilala pale unawasaidia wasanii wa hapa. Akaniuliza: ni kweli, au ni maneno ya biashara? Nimekaa siku nne sijamjibu.

Nieleweke kwanza: mimi naziunga mkono nyumba hizi. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Hiyo boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Paa likivuja masika mawili matatu bila kuzibwa, maji yanateremka ukutani mpaka kwenye ncha ya boriti iliyofukiwa humo, ncha inaoza, na siku moja dari liko chini. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili walifariki. Lile ni jumba ambalo kila mtu alikuwa analitazama. Sasa fikirieni nyumba ya uchochoroni yenye familia tano, zinazolipa kodi isiyonunua hata viroba vya chokaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa zikapewa wapangaji, na wapangaji hawakuwa na uwezo wa kuzitunza. Tunayo Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985, tumeingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, lakini hadhi haizibi paa. Mtu akija na fedha za kuziba, simwiti mwizi.

Kinachonisumbua ni hilo neno "wasanii".

Ami yangu anapiga ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu inayolazwa mapajani. Chombo kile kina nyuzi zaidi ya 70, na upepo wa bahari unazilegeza kila siku, kwa hiyo hufika kwenye nyumba moja ya wageni kabla ya magharibi, anasali, halafu anakaa juu ya paa nusu saa nzima anakaza nyuzi moja moja huku sikio ameliinamisha karibu ligusane na mbao. Wageni hupanda saa mbili. Usiku niliofuatana naye alipiga bashrafu moja tu, kipande cha muziki kisicho na maneno, akaja kijana akamnong'oneza apige polepole, wageni wanataka kuongea. Aliporudi nyumbani alikuwa na bahasha ya shilingi elfu ishirini. Chumba kwenye nyumba ile ni dola 180 kwa usiku. Wageni wakikosekana, bahasha nayo hakuna; masika yote hakuna. Na picha ya mikono yake iko kwenye tangazo lao mpaka leo. Mikono tu, uso wameukata.

Ukutani wametundika tingatinga. Naipenda tingatinga, lakini ni sanaa ya Dar es Salaam, aliianzisha Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960. Mgeni anaambiwa ni ya Zanzibar. Mchoraji wa hapa anapita chini ya dirisha hilohilo na picha zake kwapani.

Tukumbuke pia chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichofunguliwa mwaka 2002 na kukaa miaka mingi kwenye jengo la Forodha ya zamani, Mizingani. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba fedha zimekwisha na huenda kikafunga milango. Mji ulikuwa umejaa wageni, kila paa lina wapiga udi na taarabu, na chuo kinachowafundisha wapigaji wenyewe kinaomba msaada.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nyumba inayotumia jina la wasanii kuuza vyumba iandike, mahali mgeni anapopaona, katika kila usiku anaolipia shilingi ngapi zinakwenda kwa nani. Kama haiwezi kuandika, isiseme. Nasubiri mawazo yenu, hasa mnaopinga.

*

Fundi wa chokaa, Ng'ambo:

Ndugu, umesema vizuri ila umetuacha nje. Ukisema msanii unamwona mpigaji na mchoraji. Mimi nimefanya kazi miezi kumi na minne kwenye nyumba moja Malindi, hapahapa Mji Mkongwe, na katika maisha yangu sijapata kazi ndefu kama ile. Kuta zilikuwa zimepigwa lipu ya saruji na mpangaji wa zamani. Saruji inafungia unyevu ndani, ukuta wa matumbawe haupumui, chumvi inatoka na jiwe linamung'unyika kama mkate uliolowa. Tuliibandua yote kwa mkono. Chokaa tuliiloweka shimoni miezi mitatu kabla ya kuigusa, na vijana wawili niliokuwa nao hawakuwahi kuona jambo hilo. Sasa wanajua. Mwenye nyumba asingekuwa na matumaini ya wageni, nani angetulipa? Hiyo hesabu yako ya kila usiku ni sawa, lakini anzia kwenye ukuta. Muulize mwenye nyumba: ulitumia chokaa au saruji, na fundi alikuwa nani?

*

Mama wa Fuoni, mzaliwa wa Mkunazini:

Wanangu, mmesema ya fundi na ya mpigaji. Na jirani?

Mimi nimezaliwa Mkunazini, tulihama nyumba ilipokodishwa kwa miaka mingi kwa mtu wa hoteli. Sikatai, tulilipwa cha kuhamia. Lakini taarabu haikuwa muziki wa watu wanaokula. Ilikuwa ya harusi, na ya vikundi vyenye wenyewe; Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Na sisi tulikuwa na njia yetu ya kumsaidia msanii, haikuhitaji tangazo: kutunza. Beti likikuchoma unainuka na noti yako mkononi, unakwenda taratibu mpaka mbele, kila mtu anakuona, na aliyekusudiwa kwa beti lile anajua. Mwimbaji alirudi kwake na kanga imejaa noti. Siku hizi kwenye mapaa hayo wafanyakazi wameambiwa mgeni asiombwe kutunza wala asioneshwe namna ya kutunza. Mmetuondolea kutunza, mkatuletea bahasha.

Jengine. Baraza la nyumba yetu, pale nje nilipofundishwa kusuka ukili na bibi yangu, sasa limepangwa vyungu vya maua mwanzo mpaka mwisho, asipate mtu pa kukaa. Nilipita mwezi uliopita. Nilisimama tu.

*

Msimamizi wa nyumba ya wageni, Shangani:

Naomba kusema kwa upande wetu. Nyumba yenye vyumba sita si hoteli kubwa ya ufukweni kama za Nungwi. Kila mwaka paa lipakwe upya, leseni ilipwe, mishahara iendelee hata Aprili na Mei tukiwa hatuna mgeni hata mmoja. Wapo wanaotumia neno wasanii kama pambo, nakubali. Sisi tunalipa wapigaji kwa mwezi, si kwa usiku, na bado hatujafunga. Lakini mkitaka kila kitu kiandikwe, wadogo wataumbuka kabla ya wakubwa, kwa sababu fungu letu litaonekana dogo.

*

Mwanzilishi:

Shikamoo mama. Hilo la kutunza sikuwa nimelifikiria, na nimelikuta ndani ya nyumba yangu mwenyewe: nilimuuliza ami, akasema tangu aanze kupiga mapaani hajatunzwa hata mara moja. Mgeni hajui kama inaruhusiwa.

Msimamizi, kulipa kwa mwezi ndiko ninakokutafuta. Fungu likiwa dogo, liandikwe dogo. Ami hajawahi kulalamikia udogo, analalamikia kukatwa uso.

Fundi, swali lako la chokaa na saruji nimempelekea rafiki yangu kama lilivyo. Ameziandikia nyumba tatu. Mbili zimemjibu kwa kumtumia picha za vyumba. Ya tatu imemtajia fundi kwa jina, mtaa anaokaa na mwaka aliofanya kazi, na imesema baraza liko wazi, watoto wa chuo cha Kurani hukaa hapo alasiri. Huko ndiko watakakofikia. Nimemwambia pia abebe noti ndogondogo, na asisubiri ruhusa ya mtu kuinuka.

Mama, ile nyumba ya Mkunazini yenye vyungu: ukiridhia, nitakwenda na wewe tumuombe mwenyewe aviondoe.